Kutengeneza skili za biashara kwenye gemu za mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila mara kwa vijana wanaotengeneza gemu huku kwetu, Mbeya, Iringa, Njombe. Gemu zenyewe ni zile za watu wengi kucheza pamoja mtandaoni, unachagua mhusika wako, unapanda leveli, unapigana, unaokota vitu. Mapigano huwa wanayamaliza vizuri tu, wakifika kwenye biashara ndo wanakwama. Mifano mingi nimetumia ramani moja ili tusichanganyane: Kyela, Tukuyu, Mbeya mjini, Tunduma, Makambako, Njombe na Iringa. Jibu likiwa tayari limeshatolewa sehemu nyingine nitakuelekeza huko.

## Mambo ya msingi

Skili ya biashara ni nini hasa? Si kila mchezaji anaweza kuuza na kununua tu?

Anaweza, na lazima aweze. Ukimfungia mchezaji mpya asiuze hata ngozi aliyochuna, ataondoka. Skili ya biashara inakuja juu ya hapo, inampa mtu uwezo ambao wengine hawana: kuweka oda nyingi (tangazo la kununua au kuuza kwa bei uliyoitaja) kwa wakati mmoja, kuona bei ya soko lililo mbali, kubeba mzigo mkubwa, kulipa ada ndogo, kugundua mzigo mbovu.

Na hapa naomba tuelewane mapema maana majibu mengi ya chini yanategemea hili. Mfanyabiashara mzuri wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, hanunui bei rahisi kwa sababu amezaliwa na punguzo, ananunua vizuri kwa sababu anajua leo viazi vimejaa wapi na vimekosekana wapi, ana gari, na ana watu wanaomwamini. Skili zako zimpe mchezaji vitu hivyo: taarifa, kufika mbali, nafasi, na kuaminika. Zikimpa hela ya bure tu umetengeneza mashine ya kuchapisha noti.

Niweke klasi (aina ya mhusika) maalum ya mfanyabiashara au skili ziwe wazi kwa wote?

Vyote viwili vimefanywa na vyote vimefanya kazi. Ragnarok Online ya Korea, iliyotoka 2002, ina klasi kabisa ya Merchant, anasukuma mkokoteni wake na anafungua kibanda barabarani. EVE Online ya Iceland, ya 2003, haina klasi, mtu yeyote anajifunza skili za biashara akitaka, hata kama ni rubani wa vita.

Ushauri wangu: kama wachezaji wako ni wachache acha wazi kwa wote. Klasi ya biashara kwenye seva yenye watu wachache inageuka akaunti ya pili, mtu anafungua mhusika wa kuuzia tu, hachezi naye, anamweka pale kama meza. Kama unataka klasi basi mpe kazi inayomlazimisha kutembea, ona swali la usafirishaji huko chini.

Mbona kila gemu inaanza na skili ya punguzo kwa muuzaji wa mfumo, ni vibaya?

Muuzaji wa mfumo ni yule mhusika anayeendeshwa na gemu yenyewe, hachoki, hafilisiki, stoo yake haiishi. Punguzo kwake si vibaya ila ni lazima upige hesabu kabla, usipopiga wachezaji watakupigia.

Chukua Ragnarok. Skili ya Discount ikifika leveli 10 inakupunguzia asilimia 24 dukani, na Overcharge leveli 10 inafanya duka likulipe asilimia 24 zaidi ukiuza. Ukisikia hivyo unaona hela ya bure, lakini angalia: duka linanunua kwa nusu ya bei linayouzia. Kitu cha 100 unakinunua kwa 76, ukikirudisha unalipwa 50 ukiongeza asilimia 24 yake, yaani 62. Umepoteza 14. Kwahiyo mtu hawezi kusimama dukani anabofya nunua, uza, nunua, uza mpaka asubuhi.

Sasa wewe ukisema nusu ya bei ni unyonyaji, ngoja duka langu linunue kwa asilimia 70. Hapo 70 ukiongezea asilimia 24 ni 86.8, na mtu kanunua kwa 76. Karibu 11 kwa kila mbofyo, na kuna mtu ataandika programu ya kumbofyolea usiku kucha. Kanuni ni moja tu: bei ya chini kabisa ambayo mchezaji yeyote anaweza kununulia dukani, akiwa na skili zote, vifaa vyote na ofa zote za sikukuu, iwe juu ya bei ya juu kabisa anayoweza kuuzia duka la mfumo. Iandike kama jaribio kwenye programu ya gemu yako, likague kila kitu kwenye databesi kila unapoleta apdeti, usitegemee macho.

## Skili zenyewe

Nianze na skili zipi?

Chache. Naona watu wanakuja na skili ishirini kwenye karatasi na kumi na tano kati ya hizo ni asilimia mbili hapa asilimia tatu pale, mchezaji hazihisi. Skili nzuri unaihisi siku unayoipata.

Idadi ya oda ndo skili ninayoipenda zaidi kwa kuanzia. EVE inafanya hivi: unaanza na oda 5, halafu Trade inakuongezea 4 kila leveli, Retail 8, Wholesale 16, Tycoon 32, na kila moja ina leveli tano. Ukizimaliza zote una oda 305. Hakuna hata senti moja iliyochapishwa hapo, mtu amepewa nafasi tu ya kufanya kazi zaidi, faida anaitafuta mwenyewe kwa wachezaji wenzake.

Ya pili ni umbali, yaani kuona bei au kuweka oda ukiwa sehemu nyingine. Mchezaji wa kawaida aone bei za mji aliopo. Mwenye skili akiwa Mbeya aone na Tunduma, akipanda aone mpaka Iringa. Ya tatu kubeba, ya nne kupunguza ada (hii ifanye ndogo, sababu ipo kwenye swali la ada), ya tano ukaguzi, na hiyo ina swali lake.

Mchezaji apandeje leveli ya biashara?

Watu wengi wanatoa pointi kwa kila mauzo. Ukifanya hivyo kesho yake marafiki wawili watasimama uwanjani wanauziana jiwe moja, mimi nakuuzia wewe unaniuzia, mpaka wote wanakuwa matajiri wa leveli bila kufanya biashara yoyote. Ukitoa pointi kwa thamani ya mauzo ni balaa zaidi, wataliuziana hilohilo jiwe kwa milioni.

Njia ya EVE ni kwamba skili zinajifunzwa kwa muda halisi, unaichagua inaenda yenyewe hata umelala, kwahiyo hakuna cha kuchakachua. Ni safi lakini ni baridi kidogo, mtu hahisi kwamba amekua kwa kufanya.

Mimi napendekeza utoe pointi kwa ada iliyolipwa. Kila muamala unakatwa ada na ile ada inapotea kabisa kwenye gemu, pointi zinahesabiwa kwenye hiyo. Wale wawili wenye jiwe wanaweza kuendelea kuuziana ila kila mzunguko unawala hela, kwahiyo ni kama wananunua leveli kwa bei kamili. Na yule anayefanya biashara ya kweli analipa ada kutoka kwenye faida, haumii. Njia hii inakusaidia tena kwenye mali kauli huko chini.

Naweza kuweka kubageini na muuzaji wa mfumo?

Unaweza, na ikifanywa vizuri wachezaji wa kwetu wanaipenda sana maana ndo tunavyonunua. Shida inayozoeleka ni kuifanya kamari: unabofya "punguza", mfumo unarusha bahati, umepata asilimia tano au hujapata. Baada ya siku mbili inakuwa ni kitufe cha kusumbua tu.

Angalia mtu anavyonunua kweli:

– Shikamoo mama, ndoo ya viazi bei gani?
– Marahaba mwanangu, elfu kumi na mbili.
– Nifanyie tisa mama.
– Tisa haitoki baba, mzigo umetoka Makete huo, nauli imepanda. Lete kumi na moja.

Kijana anageuka, anapiga hatua mbili.

– Haya njoo, toa kumi na moja nakuongezea na hivi vya juu.

Bei haijashuka tena chini ya kumi na moja, kilichobadilika ni nyongeza. Hilo ni zuri sana kwa mtengenezaji wa gemu kwasababu nyongeza unaweza kuichagua wewe, isiwe kitu kinachorudishwa dukani kuwa hela. Na ule mwisho wa mama hautoki kwenye bahati, unatoka kwenye mzigo wake: umelala siku ngapi, saa hizi ni jioni au asubuhi, nauli alilipa ngapi. Basi mpe muuzaji wa mfumo bei ya mwisho inayohesabiwa kwa vitu hivyo, na skili ya mchezaji imsaidie kuisoma: leveli za chini anaona kwamba mzigo umelala, leveli za juu anakaribia kujua mwisho ni wapi. Mchezaji anayeweza kusubiri mpaka jioni atapata bei ya jioni hata bila skili, na ni haki yake.

Skili ya ukaguzi inafanyaje kazi, na lumbesa inaingiaje?

Hii inaingia kama gemu yako ina vitu vyenye ubora tofauti au mizigo iliyofungwa. Kama kila upanga ni sawa na mwingine iruke.

Mnunuzi wa viazi mzoefu haangalii mdomo wa gunia. Anafungua kamba pembeni, anazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, anatoa kiazi cha katikati, anakikwangua ganda kwa kucha, likitoka kirahisi anajua vimevunwa vichanga na havitafika Dar vikiwa vizima. Hiyo ni taarifa ambayo imelipiwa kwa mkono na muda. Kwenye gemu mzigo uliofungwa uonyeshe jina na uzito tu, na kukagua kuwe ni tendo lenye gharama, sekunde kadhaa au pointi za nguvu, leveli ikiwa juu unatoa sampuli nyingi zaidi.

Lumbesa ni lile gunia lililoongezewa kilemba juu likashonewa kamba, mkulima anauza gunia moja kumbe ametoa karibu moja na nusu. Kisheria ni marufuku, ila kama somo la gemu linatufundisha jambo kubwa: kipimo kikiwa hakieleweki, mwenye nguvu ndiye anayekula. Kwahiyo kwenye gemu yako uzito wa kweli uandikwe na mfumo daima, usimruhusu mchezaji kuandika mwenyewe kwamba mzigo una vitu 100. Ubora unaweza kufichwa. Idadi usiifiche kamwe.

## Soko na umbali

Soko moja la seva nzima au kila mji na soko lake?

Hapa ndo uamuzi mkubwa kuliko wote na watu wanaupitisha kwa dakika moja.

RuneScape ilileta Grand Exchange Novemba 2007: unaweka oda, mfumo unakutafutia wa kukutana naye popote alipo. Ni raha kwa mnunuzi, haangaiki. Lakini yule mfanyabiashara wa kubeba bidhaa kutoka mji hadi mji hana kazi tena, bei ni moja kila mahali, kinachobaki ni kucheza na muda, nunua ikiwa chini uza ikiwa juu.

Albion Online imeenda upande wa pili. Kila mji una soko lake, bidhaa haziruki, mtu azibebe, na njiani kuna maeneo ambayo unaweza kuuawa ukapoteza mzigo. EVE vilevile, ingawa wachezaji wenyewe wamejikusanya sana kwenye soko la Jita.

Kama unataka skili za biashara ziwe na maana, tenganisha masoko. Mchele wa Kyela uwe rahisi Kyela. Ndizi ziwe za kumwaga Tukuyu na ghali Tunduma. Makambako pale barabara ya Njombe na Songea inapokutana na barabara kuu, mtu ajenge ghala awe tajiri kwa kukaa njia panda tu. Tofauti ya bei kati ya miji ndiyo mshahara wa mfanyabiashara, ukiifuta umemfukuza kazi.

Usafirishaji niufanyeje usichoshe?

Kutembea njia ileile dakika ishirini bila tukio kunachosha, kweli. Ila usikimbilie kuweka kuruka mji hadi mji ukiwa na mzigo, utakuwa umerudisha soko moja kwa mlango wa nyuma. Wengi wanafanya hivi: mtu mwenyewe anaruka, mzigo hauruki.

Halafu njia ziwe na uamuzi ndani yake. Kuna mlima Kitonga, ukipakia sana unapanda kwa taabu na breki zinapata moto ukishuka, ukipakia kidogo safari hailipi. Kuna parachichi za Rungwe zinazoharibika na chai iliyosindikwa ambayo inakaa. Kuna mzani njiani na foleni ya malori mpakani Tunduma. Kila kimoja hapo kinaweza kuwa skili ndogo, ila usiviweke vyote, chagua viwili.

Madalali je? Wachezaji wanalalamika kuhusu watu wa kati.

Watalalamika kila siku na wewe waache madalali wawepo. Dalali anayejua mwenye mzigo na mwenye hela anafanya kazi halali, na wengine wanapenda kucheza hivyohivyo, hawataki kabisa kushika upanga. Unachotakiwa kukifanya ni kuweka wazi cha juu chake: mkataba wa udalali uonyeshe asilimia yake kwa pande zote mbili kabla hawajabofya kukubali.

## Hela ya gemu

Kwanini bei zinapanda tu kila mwezi?

Kwasababu hela inaingia kuliko inavyotoka. Kila zimwi linaloangusha dhahabu linachapisha hela mpya, kila duka la mfumo linalonunua ngozi linachapisha hela mpya. Biashara kati ya wachezaji, ukiacha ada, haiongezi wala haipunguzi, inahamisha tu.

Ultima Online ya 1997 ilijaribu mfumo uliofungwa, mali ghafi ni kiasi fulani kwenye dunia nzima, kitu kikitumika kinarudi kwenye chungu kizaliwe upya. Wachezaji wakaweka vitu ndani na hawakuvitoa, dunia ikakauka, ikabidi waufungue. Funzo ni kwamba watu wanapenda kulimbikiza na mfumo wako lazima ulihesabu hilo.

Andika kwenye leja ya seva kila hela inayozaliwa na kila inayokufa, na sababu yake, tangu siku ya kwanza. Bila hiyo leja utakuwa unabishana na wachezaji kwa hisia.

Ada ya soko iwe asilimia ngapi?

World of Warcraft mnada unakata asilimia 5, na unaweka amana ambayo inapotea kitu kisipouzika. Old School RuneScape ilianza na asilimia 1 Disemba 2021, ikaja kupandishwa hadi 2. Kati ya 1 na 5 uko salama. Ikizidi sana watu wanakwepa soko wanauziana mkononi, na hapo utapeli unaongezeka. Skili ya kupunguza ada isifikishe ada sifuri, maana ada ndiyo inayoua hela iliyozidi, na wenye leveli za juu ndio wenye mauzo makubwa, ukiwasamehe hao umeziba tundu lenyewe.

Mtu akinunua dawa zote sokoni akapandisha bei, nimzuie?

Kuhodhi kwenyewe ni biashara, ina hatari, wengine wataleta mzigo na atabaki nao. Usizuie kwa vitu vya anasa. Kwa vitu ambavyo mgeni anavihitaji ili acheze, dawa za kujitibu, chakula, weka duka la mfumo linalouza kwa bei ya juu kiasi, inakuwa dari. Grand Exchange inaweka kikomo cha kununua kila saa nne kwa kila bidhaa, ni njia nzuri na rahisi kuandika. Nyingine ni gharama ya ghala inayopanda kadri unavyojaza.

## Kesi ngumu

Naweza kuweka mali kauli, mtu achukue mzigo alipe akishauza?

Ndiyo, na nakuomba ujaribu, maana nusu ya biashara za huku zinaenda hivyo na gemu chache zinayo. Hatari ni moja: mtu anafungua akaunti mpya, anachukua mzigo, anapotea.

Kikomo cha kukopa kihesabiwe kwa ada ambazo akaunti imeshawahi kulipa, siyo kwa leveli ya mapigano wala kwa umri wa akaunti. Akaunti mpya kikomo chake ni sifuri. Aliyelipa ada nyingi ana kitu cha kupoteza. Mkataba uonyeshe mzigo, bei na tarehe, na akishindwa kulipa jina lake liwe na alama inayoonekana na kila mkopeshaji mpaka alipe. Usimpe salio hasi, utaleta hitilafu kila kona ya programu.

Utapeli upi unatokana na skili zenyewe?

Mfano maarufu ni Margin Trading ya EVE ilivyokuwa zamani. Skili ilikuruhusu kuweka oda ya kununua bila kutoa dhamana yote. Tapeli anaweka oda ya kununua kitu kwa bei kubwa ajabu, lazima umpe vingi kwa pamoja, halafu pembeni anauza kitu hichohicho yeye mwenyewe kwa bei ya chini kidogo. Unakimbilia kununua ili umuuzie, ukibofya kuuza, akaunti yake haina hela, oda inakufa, umebaki na takataka. Baadaye skili hiyo iliondolewa uwezo huo.

Kwako: oda ikionekana sokoni, hela yake yote iwe imeshafungiwa. Mtu akitaka kununua kwa ahadi atumie mkataba wa mali kauli, ambapo kila mtu anajua ni ahadi.

Niruhusu kuuza vitu kwa hela halisi?

Diablo III ilifungua mnada wa hela halisi 2012 na ukafungwa tarehe 18 Machi 2014, wenyewe walisema unaharibu kiini cha gemu, ambacho ni kuua mazimwi upate vitu. Watu walikuwa wananunua badala ya kucheza. Kwa gemu ndogo, usifanye.

Seva yangu ina watu wachache sana, soko linakufa. Nifanyeje?

Mfumo uweke oda pande zote mbili lakini kwa pengo pana: kitu cha 100 ukinunue kwa 40 na ukiuze kwa 160, stoo ijae polepole. Mgeni hakosi kitu, na kati ya 40 na 160 wachezaji wana uwanja wao. Na punguza miji, masoko matatu yenye watu yanashinda saba matupu.

Network ikikatika katikati ya muamala?

Huku milimani inakatika, bando linaisha, simu inazima, kwahiyo lichukulie kama jambo la kawaida. Kutoa hela na kutoa mzigo viwe muamala mmoja kwenye databesi, vyote vifanyike au kisifanyike hata kimoja. Simu itume namba ya kipekee na kila ombi, seva ikipata namba ileile mara ya pili isiuze tena, irudishe jibu la kwanza, maana mtu akiona duara linazunguka atabofya tena na tena. Hela zihifadhi kama namba kamili bila desimali, na ada ikitoka na sehemu ndogo izungushe juu, iende kwa mfumo. Ukizungusha chini, mtu atauza vitu vya shilingi moja moja, ada inakuwa sifuri, na skili zote ulizozijenga juu ya ada zinakosa mahali pa kusimama.